Speke na makombe ya Tanganyika: mzigo uliopita Tabora

Ukimuuliza Mtanzania yeyote aliyesoma historia darasani Speke ni nani, jibu linakuja haraka: ni yule Mwingereza aliyeliona Ziwa Viktoria akasema mto Nile unaanzia hapa. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukafunga daftari. Lakini ndugu wasomaji, katika safari ile ile jamaa alipitisha Tabora kitu kingine ambacho wengi wetu hatukufundishwa. Alipitisha makombe. Si makombe ya mpira, ni yale magamba magumu ya konokono na chaza, aliyoyaokota ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Vitu vyenyewe vilikuwa vidogo, vinajaa kwenye kiganja. Hata hivyo viliwafanya wataalamu wa Ulaya wabishane zaidi ya miaka hamsini. Na ubishi ule unafaa kuangaliwa sambamba na ubishi mwingine ulioanzishwa na Speke huyo huyo, safari hii kuhusu watu. Ule wa makombe ulipimwa ukaisha. Ule wa watu haukupimwa mapema, na gharama yake tuliiona mwaka 1994. Haya, twende taratibu.

John Hanning Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika familia ya wenye mashamba. Darasani hakuwa mtu wa kutulia, raha yake ilikuwa porini. Mwaka 1844, akiwa na miaka 17, akaingia jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India na kupigana vita vya Punjab. Likizo zake hazikuwa za kustarehe mjini. Alipanda milima ya Himalaya mpaka upande wa Tibet, bunduki mkononi, akiwinda na kukausha ngozi za wanyama na ndege. Nyumbani kwao Somerset alitaka kuwe na mkusanyo mkubwa wa viumbe wa nchi za mbali. Tabia hiyo ya kukusanya tuikumbuke, maana ndiyo iliyomfanya baadaye ainame kuokota konokono wakati wenzake wanatafuta mito.

Mwaka 1854 alifika Aden na kuungana na Richard Burton kwenda Usomali. Huko nako alikusanya, na swala mmoja wa nchi ile mpaka leo anaitwa kwa jina lake. Aprili 1855 kambi yao ya Berbera ikavamiwa usiku. Burton alichomwa mkuki ukapenya mashavuni. Speke alikamatwa, akafungwa kamba, akachomwa mikuki mara kumi na moja, na bado akachoropoka akakimbia. Si mchezo. Baada ya hapo mkusanyo wake ukapelekwa makumbusho ya Kalkuta, na shajara yake ikatoka ndani ya kitabu cha Burton. Speke hakusema mengi, lakini kinyongo kilianzia hapo.

Pamoja na kinyongo, wakaanza safari nyingine ya pamoja. Waliondoka Zanzibar Juni 1857, wakapandia Kaole, wakafuata njia ya misafara kupitia Ugogo, na tarehe 7 Novemba 1857 wakaingia Kazeh. Kazeh ndiyo Tabora yenyewe, katika nchi ya Unyanyembe ya mtemi Fundikira. Wakati huo ilikuwa makutano ya njia: ya magharibi kwenda Ujiji, ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, ya mashariki kurudi pwani. Waarabu wa Omani na Waswahili walikuwa wamejenga matembe makubwa yenye ua na maghala ya pembe za ndovu. Tusisahau pia kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa.

Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani. Huyu mzee aliwapa kitu ambacho ramani zote za Ulaya hazikuwa nacho. Ramani waliyokuja nayo wageni ilionyesha ziwa moja kubwa kama dude limelala katikati ya Afrika. Snay akawaeleza kwamba maziwa ni matatu, kila moja na njia yake: Nyasa, la Ujiji na la Ukerewe. Kwa maneno mengine, kabla Speke hajaliona ziwa lolote, jibu la nusu ya swali lake lilikuwa limekaa Tabora likinywa kahawa. Miaka michache baadaye Snay aliuawa katika vita vya Waarabu na mtemi Mnywa Sele.

Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Mazungumzo yake mengi yalipitia kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa mtu huru. Speke na Bombay walizungumza Kihindustani. Hebu fikiria: Mwingereza na Myao wanaongea lugha ya India katikati ya Unyamwezi!

Sasa kuhusu makombe. Tabora ya wakati ule makombe ya baharini hayakuwa kitu kigeni. Kauri, ambazo wengine wanaziita simbi, zilitoka pwani zikapanda bara kama fedha, na Buganda ndiko zilikohesabiwa kwa maelfu. Watemi wa Unyamwezi walivaa shingoni duara jeupe lililokatwa kwenye kitako cha kombe la baharini. Biashara ya kauri haikuishia huku: kuanzia miaka ya 1840 kampuni za Hamburg zilizinunua Zanzibar na kuzipeleka kwa meli Afrika Magharibi, zikamwagwa nyingi mpaka thamani yake huko ikaporomoka. Hivyo wapagazi wa Kinyamwezi walizoea kupandisha makombe kutoka pwani kwenda bara. Walichokuja kukifanya kwa Speke ni kinyume chake, kuteremsha makombe ya bara kwenda pwani.

Tarehe 13 Februari 1858 msafara ulilifikia Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa mgonjwa hajiwezi kutembea, na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho. Ziwa walilolifia njiani yeye aliliona kama ukungu tu. Alipopata nafuu kidogo alivuka kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge kutafuta jahazi la kukodi. Katika safari hiyo mdudu akamwingia sikioni usiku. Speke akajaribu kumtoa kwa kisu, akajiumiza vibaya, sikio likaoza na kupoteza usikivu. Kisha wakaenda wote wawili mpaka Uvira, kaskazini mwa ziwa, ambako waliambiwa kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Tanganyika haikuwa na dalili ya kuwa mama wa Nile. Safari ilionekana imeshindwa.

Lakini kule ufukweni Speke alikuwa ameokota makombe. Yalifungwa, yakaingia kwenye mizigo, yakarudi nao mpaka Kazeh mwezi Juni 1858. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa mwendo wa miezi. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Ukiona kombe limelala kwenye droo ya makumbusho London na kibandiko chenye jina la Speke, ujue kuna Mnyamwezi alilibeba ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Burton alibaki Kazeh kupumzika. Julai 1858 Speke akaenda kaskazini na Bombay kulitafuta lile ziwa la Ukerewe alilolitaja Snay. Tarehe 3 Agosti akasimama karibu na Mwanza ya leo, akayaona maji yasiyo na mwisho. Kipimo chake cha kuchemsha maji kilimwambia yuko mita 1,140 hivi juu ya bahari, kipimo ambacho hakikukosea sana. Hapo hapo akaamua: hiki ndicho chanzo cha Nile. Alikuwa ameona pembe moja tu ya ziwa. Aliporudi Tabora na habari hiyo, Burton hakumkubalia, na kuanzia siku hiyo wakawa watu wawili wanaotembea njia moja bila kuzungumzia jambo lenyewe.

Speke alifika London tarehe 8 Mei 1859, siku kumi na tatu kabla ya Burton, akaenda moja kwa moja kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia kutangaza habari ya Nile. Kelele za Nile zikajaa magazetini. Makombe yenyewe yakaishia kimya kimya mezani kwa Samuel Pickworth Woodward wa Makumbusho ya Uingereza. Huyu alikuwa ameandika kitabu cha mwongozo kuhusu moluska, yaani jamii ya konokono na chaza, walio hai pamoja na visukuku vyao, yale masalia ya kale yaliyogeuka mawe. Mwaka huo huo wa 1859 Woodward akachapisha maelezo ya aina nne mpya kutoka Ziwa Tanganyika. Mbili zilikuwa za jamii ya chaza: moja akaipa jina la Speke, nyingine la Burton. Yaani hawa mabwana walikuwa hawapatani tena, huku majina yao yamekaa pamoja kwenye kurasa zile zile tatu. Mbili zilikuwa konokono. Mmoja, anayeishi kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, baadaye aliitwa Spekia. Mwingine Woodward alimwita nassa, jina lililokuwa likitumika kwa konokono fulani wa baharini.

Jina hilo halikutolewa hovyo. Konokono wengi wa maji baridi, wale wa mtoni na kwenye mabwawa, wana magamba membamba na laini, hayana mapambo. Hawa wa Tanganyika walikuwa na magamba mazito, yenye matuta na mistari, kama ya kule Bagamoyo kwenye maji ya chumvi. Wakati maji ya Tanganyika unakunywa!

Watu wakazidi kukusanya. Edward Hore, baharia aliyekuja Ujiji mwaka 1878 na misheni ya London, alipeleka makombe mengi, na mwaka 1880 Edgar Smith akaeleza konokono mmoja mwenye miiba mirefu, akampa jina la Hore. Konokono yule wa Woodward, nassa, alihamishiwa kwenye ukoo wa Lavigeria, jina lililotokana na Kardinali Lavigerie, ambaye mapadri wake wa Shirika la White Fathers walianza kupita njia ya Tabora mwaka 1878. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona ziwani konokono wa watu kustaajabu zaidi? Hapana, safari hii ilikuwa konyeza, yule kiumbe laini kama ute ambaye watu walimzoea baharini.

Basi wataalamu wakaanza kuunganisha. Mwingereza J.E.S. Moore alikwenda ziwani mara mbili mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1903 akatoa kitabu kuhusu fumbo la Tanganyika. Hoja yake ilikuwa tamu. Alichukua makombe ya ziwani akayaweka pembeni ya visukuku vya baharini vya enzi ya Jurasiki vilivyochimbwa Ulaya, vya zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Yalifanana kama shilingi kwa ya pili. Moore akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichosahauliwa katikati ya Afrika, na konokono hawa ni vitukuu wa wale wa baharini.

Ingekuwa habari nzuri kweli, Kigoma kuwa bandari ya bahari iliyopotea. Lakini hoja ikapelekwa kupimwa. W.A. Cunnington alitumwa ziwani mwaka 1904, akakusanya viumbe wa kila namna, na mwaka 1920 akachapisha ulinganisho wa viumbe wa maziwa makuu ya Afrika. Ushahidi wa bahari haukuonekana. Wanajiolojia nao wakaja na yao. Ziwa limekaa kwenye Bonde la Ufa, na umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Ni mzee sana kwa ziwa, lakini kwa bahari ya Jurasiki ni mtoto mchanga. Tabora yenyewe imekaa juu ya matale, miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Bahari ya Jurasiki ilifika Tanzania kweli, ila pwani: kule Tendaguru, Lindi, walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, kuna tabaka zilizojaa makombe ya baharini.

Sasa mbona yalifanana? Jibu lililokuja kuwekwa wazi mwishoni mwa karne ya 20 linahusu kaa. Tanganyika ina kaa wake wenye magando yenye nguvu ya kuvunja magamba. Kwa muda mrefu sana, konokono mwenye gamba jembamba aliliwa, mwenye gamba nene akabaki akazaa. Kaa naye mwenye gando dogo alilala njaa. Vizazi vikapita maelfu kwa maelfu, mpaka ziwani kukawa na magamba kama ya baharini, kwa sababu baharini pia maadui ni wale wale wavunjaji. Kumbe kufanana kulitokana na maisha waliyoishi, hakukutokana na kuwa ndugu.

Turudi kwa Speke. Mwaka 1860 alirudi tena, safari hii na James Grant. Januari 1861 alikuwa Kazeh, kisha Karagwe kwa mfalme Rumanika, kisha Buganda kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862. Tarehe 28 Julai 1862 akafika Jinja, akaona maji yakitoka ziwani kwa maporomoko aliyoyaita Ripon, ambayo yalifunikwa na maji baada ya bwawa la umeme kukamilika mwaka 1954. Hakuufuata mto wote wala hakulizunguka ziwa. Burton akamkazia hapo hapo: umekisia, hujathibitisha. Mjadala wa hadhara ulipangwa Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikuwa anawinda karibu na hapo, akipanda ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ikafyatuka, risasi ikampata kifuani. Alikuwa na miaka 37. Uchunguzi ulisema ni ajali. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa zima, ikaonekana marehemu alikuwa sahihi.

Hata hivyo kitabu alichokitoa mwaka 1863 kilikuwa na kisio lingine. Speke aliwatazama watawala wa Karagwe na jamii za wafugaji wa eneo la maziwa makuu, akatazama pua, nywele na urefu wao, akaona wanafanana na Wahabeshi. Akahitimisha kwamba hawa si wenyeji, ni kabila lililotoka Ethiopia likaja kuwatawala Wabantu. Speke mwenyewe ndiye aliyemweleza Rumanika hivyo. Njia aliyotumia ilikuwa ile ile ya Moore: hiki kinafanana na kile, kwa hiyo ni ndugu wa kile.

Tofauti ni kwamba makombe yalipelekewa Cunnington, watu hawakupelekewa mtu. Kisio likaingia kwenye vitabu vya wamisionari, likaingia kwenye utawala wa Wajerumani na wa Wabelgiji. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakawaandika Wanyarwanda Mtutsi na Mhutu kwenye vitambulisho. Uhuru ulipokuja, hadithi ile ile ikageuzwa silaha: kama mlitoka Ethiopia, basi hapa si kwenu. Mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, miili ilielea kwenye mto Kagera mpaka Ziwa Viktoria, ziwa lile lile Speke alilolipa jina. Simaanishi Speke aliwaua watu wale. Alikufa miaka 130 kabla, na waliofanya walikuwa na akili zao. Ninachosema ni kwamba neno lililoandikwa kwa kutazama sura tu liliachwa litembee karibu karne nzima bila mtu kulisimamisha na kulidai ushahidi.

Na mpaka leo tunao ugonjwa huo. Mtu anaangaliwa pua mpakani anaulizwa wewe wa wapi. Konokono wa Tanganyika tuliwatendea haki zaidi, tuliwapima kabla ya kuwahukumu.

Hata hao konokono nao wana shida zao. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba kadiri maji ya ziwa yanavyopata joto, sehemu ya chini yenye hewa ya kutosha inapungua. Kwenye maeneo yaliyopimwa ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 hivi tangu 1946, na udongo unaoshuka kutoka milima iliyokatwa miti unafunika miamba wanayoishi. Wengi wao hawapo mahali pengine popote duniani.

Wadau wa Kigoma na Ujiji, mtoto akiwaletea kombe kutoka ufukweni, msilitupe bila kulitazama. Na wazee wa Tabora, Urambo na Nzega ambao babu zenu walikuwa wapagazi wa njia ile, kama kuna majina mnayakumbuka, yaandikeni. Hayo ndiyo hayamo kwenye vibandiko vya London. Naomba kuwasilisha.